Kujenga Mji wa Kutisha Usiokuwepo: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila nikitoa sehemu mpya ya simulizi, ujumbe unaoingia baada ya salamu ni ule ule. "Kaka, hiyo Kwa Karani iko upande gani? Nimewauliza makonda wa Boma Ng'ombe hawaijui." Wa pili: "Na mimi nataka mji wangu, naanzia wapi?" Wa tatu huwa na huzuni kidogo: "Hadithi ya kwanza imeisha na jini kafa. Ya pili niandike nini?" Nimejibu kwa sauti, nimejibu kwa maandishi, nimewahi kujibu nikiwa kwenye daladala ya Kiboriloni nimeshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Leo najibu mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwa Karani haipo. Niliibuni hapa Moshi na hadi sasa nimeweka humo simulizi sita. Kila simulizi inasimama yenyewe, lakini barabara ni ile ile, duka ni lile lile, na kilichotokea ya kwanza bado kinawauma watu wa sita. Mji wa namna hiyo si uvumbuzi wangu. Stephen King wa Marekani amekuwa akiirudia Castle Rock tangu mwaka 1979, na ana mwingine uitwao Derry, yote ameipachika katika jimbo lake la Maine. Kabla yake H. P. Lovecraft, aliyefariki 1937, alikuwa na Arkham yake yenye chuo kikuu na mto, na alipokufa waandishi wengine waliendelea kuitumia kama kiwanja cha urithi. Nadharia inaishia hapo. Tufanye kazi.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kauntabuku moja ya kwaya mbili. Usianze na simu. Simu inapotea, inaibiwa, inaingia maji.
- Kalamu mbili za rangi tofauti, penseli na ufutio.
- Karatasi moja ya manila kwa ajili ya ramani.
- Nauli ya kwenda na kurudi mahali ambapo hujawahi kushuka.
- Mzee mmoja wa kuuliza maswali, ambaye hana haraka.
- Hadithi mbili fupi ulizokwisha kuzimaliza, hata kama ni mbaya. Kama hujawahi kumaliza hata moja, usijenge mji. Utajenga mji miaka mitatu bila kuandika chochote. Nawafahamu wawili walio katika hali hiyo sasa hivi.

Hatua ya 1: Acha Moshi ibaki Moshi

Swali la kwanza la wanaoanza ni kwa nini wasitumie tu mji halisi. Tumia, ukipenda, kwa hadithi moja. Ukitaka kurudi mara ya pili na ya tatu utabanwa. Huwezi kulichoma Soko la Mbuyuni katika hadithi ya pili wakati msomaji wako amenunua nyanya pale asubuhi. Tena ukisema kuna kitu kinatembea wodi fulani ya hospitali inayojulikana, kumbuka kuna mama amelazwa wodi hiyo usiku huu, na mwanawe anasoma simulizi yako akimsubiri.

Mji wa kubuni unakupa ruhusa ya kuua, kuchoma na kufukia. Ila usiifute Moshi wala Arusha. Ziache jirani, za kweli, zenye foleni na kelele zake, kwa sababu ndizo zinazoushuhudia mji wako. Mtu wa Kwa Karani akiugua anapelekwa Moshi mjini. Akikimbia deni anakwenda Arusha. Msomaji anayajua maeneo hayo mawili, kwa hiyo hata lile la katikati analipokea bila kuhoji.

Kosa la kawaida: kubadilisha herufi moja na kusema umebuni. "Mochi" si mji wa kubuni. Ni Moshi iliyokosewa tahajia.

Hatua ya 2: Pachika mji kwenye barabara halisi

Fungua ramani na uchague mahali ambapo pangeweza kuwa na mji lakini hapana. Mimi nilichukua barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Ukitoka Moshi, unapita Boma Ng'ombe, kisha kabla hujafika njia ya kuingia uwanja wa ndege wa KIA kuna njia ya vumbi inayopanda kulia kuelekea mlimani. Njia yenyewe nimeibuni, lakini kila anayepita pale ameona njia kama hiyo na kujiuliza inakwenda wapi.

Amua mwinuko mapema, kabla ya kitu kingine chochote. Huku kwetu mwinuko ndio unaoamua watu wanakula nini, wanavaa nini na wanaogopa nini. Ukipanda juu kuna migomba, kahawa, vihamba (mashamba ya ukoo) vilivyobanana, mifongo ya maji iliyochimbwa na mababu, baridi na ukungu wa Juni na Julai. Ukishuka tambarare kuna mahindi, alizeti, vumbi na jua. Kwa Karani nimeiweka ukingoni, pale mgomba wa mwisho unapokutana na kichaka cha kwanza cha miiba. Watu wa juu wanasema ni ya chini, wa chini wanasema ni ya juu. Hakuna diwani anayeitaka.

Halafu uheshimu mlima. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri alfajiri na jioni. Kati ya saa nne asubuhi na alasiri mara nyingi mawingu yameshamfunika. Nimesoma simulizi ya kijana mmoja ambapo mhusika anautazama mlima mweupe saa saba mchana, mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto. Pale pale niliacha kuogopa. Nikaanza kumhakiki.

Mahali palivyo patakupa vitu ambavyo hakuna mwandishi wa mbali atakayevifikiria. Maji ya maeneo mengi ya Kilimanjaro na Arusha yana floridi nyingi, ndiyo maana wengi tuliokulia huku meno yetu yana madoa ya kahawia, na tukifika Dar tunataniwa. Katika simulizi yangu ya tatu mtoto aliyepotea siku tisa anarudi nyumbani jioni, mzima, amebeba ndala zake mkononi. Mama yake analia, anamkumbatia, anamnywesha uji. Mtoto anacheka. Meno yake ni meupe pe. Sura inaisha hapo, sikuongeza hata sentensi moja.

Nenda kwa miguu. Shuka kwenye daladala mahali usipopajua, kaa saa mbili, sikiliza. Na ukipata nafasi ya kulala karibu na msitu wa juu, sikiliza perere usiku. Ni mnyama mdogo anayefanana na pimbi, anaishi mitini, lakini kilio chake ni cha mtu anayenyongwa polepole na kuachiwa, kunyongwa na kuachiwa. Kuna vijana wanaandika mbwamwitu wakilia kwenye mbalamwezi, na perere yuko nyuma ya nyumba ya bibi yao.

Hatua ya 3: Jina

Usihangaike. Majina ya huku yanajitaja: Maji ya Chai, Boma Ng'ombe, Njia Panda, Kwa Sadala. Chukua kitu kilichopo, au "Kwa" na mtu fulani, basi. Kisha likague kwa kulisema kama konda, mara tatu kwa haraka, nusu ya mwili iko nje ya mlango: "Karani Karani Karani!" Likikwama mdomoni, badilisha. Wapo wanaolichanganya na Karanga ya hapa Moshi, na siwalaumu. Ningeanza upya ningechagua jina la mbali zaidi. Epuka majina kama Mji wa Giza au Bonde la Mauti. Hakuna mtendaji wa kata angekubali kugonga mhuri wenye jina hilo.

Hatua ya 4: Upe mji deni

Hapa ndipo miji mingi ya wanaoanza inapokufa. Wanaweka mzimu, hawaweki sababu. Au wanaweka sababu kubwa mno: lango la kuzimu, pepo wa miaka elfu. Mji mdogo hauhitaji lango la kuzimu. Unahitaji jambo moja baya lililofanywa na mtu wa kawaida, ambalo wakazi walinufaika nalo au walilinyamazia, na halijalipwa.

Litafute katika historia ya mahali. Kwa upande wetu historia haina uhaba. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukahamia tambarare, chini ya ile tunayoiita leo Old Moshi. Fikiria tu hilo: mji ulioshuka mlima kuifuata reli, ukayaacha makaburi yake juu. Kahawa nayo ilileta mizani, magunia, makarani na madaftari.

Mimi nilichukua kahawa. Miaka ya 1920, kabla ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, kuanza mwaka 1933, nikabuni mnunuzi binafsi na ghala lake, na karani wake wa kuhesabu magunia. Wakulima walikuwa wanaleta kumi, karani anaandika tisa. Hawakujua kusoma. Waliojua kusoma walikuwa wawili, na wote wawili walipewa chochote wakanyamaza. Msimu mmoja karani akalala ghalani kuhakiki hesabu kwa mwanga wa koroboi. Asubuhi hayupo. Magunia yamezidi moja.

Tangu hapo karani anarudisha alichoiba, kimoja kimoja. Ila anachorudisha si kahawa.

Onyo, na hili nalisema bila utani. Kuna majeraha ya kweli ambayo si malighafi yako. Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, inaaminika kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakitafuta. Ukitaka kuandika hilo, liandike kama historia, kwa adabu na kwa kuuliza wenyewe. Usimgeuze kuwa mzuka wa sura ya tatu. Vivyo hivyo bibi kikongwe mwenye macho mekundu: katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani hizo hizo. Simulizi inayomfanya bibi huyo mchawi, au mwenye ualbino kiumbe wa ajabu, inamsaidia muuaji. Hapa sina mjadala na mtu.

Hatua ya 5: Andika sheria moja ya mji, kwa sentensi moja

Sheria ndiyo itakayokuletea hadithi ya pili. Jini linakufa na hadithi inakwisha, lakini sheria haifi, kila mhusika mpya anaingia nayo kwa mguu wake. Derry ya King ina kalenda: ubaya huamka kila baada ya miaka 27 hivi. Msomaji akishaijua namba hiyo anaanza kuhesabu mwenyewe, na mwandishi amepata msaidizi wa bure.

Sheria ya Kwa Karani ni hii: *ukihesabu chochote baada ya jua kuzama, kitazidi kimoja.*

Nimeichukua nyumbani. Wazee wengi wa kwetu hawapendi mtu awahesabu watoto au mifugo kwa kidole, utaambiwa unaita balaa. Sikubuni hofu mpya, nilikuta ipo, nikaipa mji wa kukaa.

Pima sheria yako kwa maswali matatu. Inaingia kwenye mambo ya kila siku? Kuhesabu kunaingia kila mahali: sahani za msiba, vifaranga, abiria, chenji. Inaweza kuvunjwa kwa bahati mbaya? Naam, na mgeni yeyote. Watoto wa mji wanaijua bila kufundishwa? Wa kwangu wanacheza kombolela mchana tu, na anayefumba macho anaimba badala ya kuhesabu. Kama sheria yako inahitaji kitabu cha kale, mwezi mpevu na damu ya mbuzi mweusi, ina masharti mengi kuliko mkopo. Punguza.

Hatua ya 6: Wakazi wa kudumu, wasiozidi wanane

Chagua watu ambao kazi zao zinawakutanisha na kila mtu. Wa kwangu: Mangi wa duka (kila duka ni kwa Mangi, hata mwenyewe akiwa Mpare), mama lishe wa stendi, konda wa Hiace ya mwisho, mjumbe, mwalimu wa darasa la pili, fundi viatu, katekista, na Bibi Ndeshi ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wale wawili waliojua kusoma.

Kwa kila mmoja andika mistari minne tu: anaitwaje na wadogo, anaitwaje na wakubwa, anadaiwa nini, anajua nini kuhusu sheria. Maamkizi ni sehemu ya kazi. Konda hawezi kumwambia bibi "habari" akaishia hapo. Atasema shikamoo, na asiposema, msomaji ajue kuna tatizo. Nimewahi kumtambulisha kiumbe kwa njia hiyo tu: kijana mwenye sura ya mtaa, kavaa vizuri, kapita mbele ya wazee watano kimya.

Hatua ya 7: Chora ramani

Kwa penseli. Stendi, duka, ghala, mfongo, shule, kanisa, msikiti, makaburi. Andika dakika za kutembea kati ya kituo na kituo, mchana na usiku. Usiweke kila nyumba. Acha kona mbili tupu, utazihitaji.

Hatua ya 8: Hadithi ya kwanza isimulie kidogo

Ukishajenga yote hayo utawashwa kuyaeleza yote. Usieleze. Hadithi ya kwanza ichukue siku moja au usiku mmoja, mtu mmoja, na uvunjaji mmoja wa sheria. Karani mwenyewe hatajwi katika simulizi yangu ya kwanza isipokuwa kwenye jina la mji. Huu ni mwisho wake, uone kiasi ninachokisema:

Hiace ilikuwa imepita daraja la pili. Konda akawasha taa ya ndani, akaanza kukusanya.

"Shikamoo bibi. Nauli yako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshakupa. Na ya huyu nimekulipia."

Konda akatazama siti ya pembeni. Kulikuwa na kapu la parachichi. Akacheka kidogo, akarudi mlangoni, akalaza noti mkononi kama kawaida yake, akaanza kusogeza midomo. Kumi na tano. Kumi na sita. Abiria walikuwa kumi na sita. Chini ya noti ya mwisho kidole kikagusa kitu baridi. Senti kumi, ile ya zamani yenye tundu katikati.

"Bibi," akasema, bila kugeuka, "huyu uliyemlipia anashukia wapi?"

"Usihesabu, mwanangu. Jua limeshazama."

Dereva akauliza mbona gari limekuwa zito.

Basi. Hakuna damu. Walioniuliza kwa hasira "sasa ikawaje?" ndio waliolipia ya pili.

Hatua ya 9: Daftari la mji

Kama utaruka hatua nyingine zote, hii usiiruke. Mji unaorudiwa unaishi kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yako si nzuri kama unavyodhani. Yangu haikuwa. Fundi viatu nilimuua katika simulizi ya pili, kifo kirefu, kurasa nne, niliandika huku nimeacha taa ya nje ikiwaka. Katika ya nne anashona soli ya kiatu cha mwalimu na kusema "karibu tena dada." Saa tano usiku dada mmoja wa Sakina, Arusha, akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde tatu: "Kaka. Fundi viatu." Kisha kicheko.

Tangu siku hiyo, nikimaliza kila simulizi nafungua kauntabuku kabla hata ya kuhariri. Ukurasa una safu nne.

Ya kwanza: *kilichotokea*, kwa sentensi kavu. "Mtoto wa Mama Aika alirudi baada ya siku tisa."

Ya pili: *nani anajua*. Safu hii ndiyo inayozaa hadithi. Mama Aika anajua kuhusu meno. Mwalimu ameona lakini anadhani ni dawa ya meno. Mjumbe hajui. Sasa nina watu watatu mtaa mmoja wenye kweli tatu, na bado sijabuni kitu kipya.

Ya tatu: *kovu*. Kila hadithi lazima iuache mji umebadilika kwa kitu kinachoonekana: duka limefungwa, konda mpya, mti umekatwa, watu wameacha kupita njia fulani. Usipoacha kovu, msomaji wa hadithi ya tatu atauliza kwa nini watu hawa bado wanaishi hapa kana kwamba hakijatokea kitu. Na mhusika akifa abaki amekufa. Akirudi, arudi kwa gharama.

Ya nne: *ahadi*. Vitu ulivyovigusa na kuviacha. Kapu la parachichi. Koroboi. Hivi vinalipwa baadaye, na visipolipwa wasomaji watakudai. Mambo yaliyokwisha kulipwa nayapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Andika pia umri na tarehe. Bibi Ndeshi ana miaka 81 katika simulizi ya kwanza. Nilipomfanya awe amemwona karani kwa macho yake, hesabu ilikataa, nikabadilisha: alisimuliwa na babu yake. Ikawa bora zaidi, kwa sababu babu alikuwa na sababu ya kudanganya.

Hatua ya 10: Hadithi ya pili ianze mbali

Usirudi kwa mhusika yule yule siku inayofuata. Badilisha mtu, badilisha msimu, ikiwezekana badilisha miaka. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya konda. Ya pili ni ya mama lishe kwenye msiba wa konda huyo, amepika kwa watu arobaini, na sahani arobaini na moja zimerudi chafu. Msomaji mpya anaelewa bila kusoma ya kwanza. Wa zamani anatetemeka kabla ya wakati.

Mambo yakikwama

*Mji hautishi hata mimi mwenyewe.* Mara nyingi umeanza na giza. Rudi uandike kurasa mbili za siku ya soko, bila kitu kibaya hata kimoja, mpaka uupende mji. Mtu hatishwi na kupotea kwa kitu ambacho hakukijali.

*Simulizi yangu inanuka filamu za nje.* Linampata kila mtu. Ramsey Campbell wa Liverpool alipoanza akiwa kijana aliweka hadithi zake Massachusetts, kwa kumfuata Lovecraft. Mchapishaji wake August Derleth akamwambia aache, ajenge mahali pake Uingereza. Akabuni Brichester, karibu na mto Severn, na kitabu chake cha kwanza kikatoka 1964. Pitia maandishi yako, kila penye bomba la moshi la nyumba, ghorofa ya chini ya ardhi au mlango unaofunguka wenyewe kwa mlio, jiulize nyumba ya shangazi yako Marangu ina nini mahali hapo. Ina stoo ya magunia. Ina mfongo unaopita nyuma ya choo. Ina kaburi la babu kwenye kihamba, hatua kumi kutoka jikoni, na watoto wanaanika nguo hapo.

*Hofu imezoeleka, hadithi ya tatu haishtui.* Usiongeze ukubwa wa kiumbe. Igeuze sheria upande mwingine. Miaka yote hiyo, hesabu ya usiku Kwa Karani inazidi kimoja. Katika ya tano, mwalimu anahesabu watoto usiku wa safari ya shule, na kwa mara ya kwanza hesabu inakuwa sawasawa. Wakazi wote wanaanza kufungasha.

*Kila mara umeme unakatika.* Ruhusa ni mara moja kwa mji mzima. Nimeitumia, na naijutia.

*Watu wanadhani ni kweli.* Hili lilinipata. Mtu alichukua sehemu ya tatu, akafuta kichwa cha habari, akaisambaza kwa makundi ya WhatsApp kama tukio. Baada ya siku mbili wazazi wa shule moja ya msingi, ambayo sikuwahi hata kuisikia, walikuwa getini kuchukua watoto, kisa mtoto mmoja alikuwa ameota meno mapya. Nilipiga simu kujieleza, nikakemewa, nikastahili. Hofu ikitoka kwenye karatasi haina breki. Zanzibar mwaka 1995 uvumi wa popobawa, jini linalosemekana kuvamia watu usiku, uliwalaza watu nje ya nyumba zao. Tena kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo haitanii kuhusu taarifa za uongo. Kwa hiyo maneno "simulizi ya kubuni" nayaweka juu, nayarudia katikati ya sehemu, na jina la mji linatokea kila baada ya aya chache ili anayekata asiweze kuliondoa lote.

*Msomaji amekamata kosa.* Mshukuru, muulize kama kuna lingine. Kisha chagua: sahihisha kimya kimya, au lifanye kuwa la mji. Fundi viatu sikumsahihisha. Katika simulizi ya sita mwalimu anavua kiatu, anaitazama ile soli, na kukumbuka kwamba alikuwepo kwenye mazishi.

*Daftari limejaa.* Nunua jingine, lizungushie la kwanza mpira, uandike namba za kurasa za yote mawili kuanzia moja. Mchana.